Masurufu ya Jumuiya na Kadi ya Marehemu

Mjane wa mweka hazina wetu alikuwa bado yumo katika eda wakati kaka yake aliponijia nyumbani Ngamiani baada ya sala ya alasiri, akaketi barazani bila kukubali hata kikombe cha kahawa, akatoa katika mfuko wa kanzu karatasi tatu za taarifa ya benki zilizokunjwa mara nne, akanionyesha kwa ncha ya kidole mstari mmoja uliojirudia katika kila karatasi: dola 15 za Marekani, zilizokatwa tarehe ile ile ya kila mwezi na kampuni ya ng'ambo ambayo jina lake hakuna mtu katika nyumba ile aliyepata kulisikia. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya mtu anayechelea kumfedhehesha maiti, "shemeji alikuwa na deni gani kwa watu hawa?"

Nililitambua jina lile mara moja, na haya zikanishika, kwa sababu deni halikuwa la marehemu, lilikuwa letu. Jumuiya yetu ni ndogo, ya watu waliosoma shule moja zamani wakajifunga kutunza maktaba ya watoto yenye vyumba viwili, na kwa kuwa baadhi yetu wako Muscat na wengine London, tumezoea kukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa programu ya simu inayoonyesha sura za watu, ambayo haitumiki bila kulipiwa. Siku tulipoanza kuitumia jumuiya haikuwa na kadi ya aina yoyote. Marehemu akatoa yake mfukoni, akaandika tarakimu zake 16, na tarehe ya mwisho, na zile tarakimu 3 za nyuma, akasema tutamrudishia. Tukawa tukimrudishia kila baada ya miezi mitatu, kwa stakabadhi. Kisha mauti yakamfikia ghafla, na sisi tuliombeba hadi kaburini, tuliomsomea khitima na kumsifu kwa uaminifu wake mbele ya watu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba namba ya kadi yake ilikuwa ingali hai katika mashine za watu wa mbali, ikikamuliwa kila mwezi.

Ajuaye hukumu za mirathi anajua kwamba mtu akifa mali yake hutoka mkononi mwake saa ile ile: hutolewa humo gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachosalia ndicho haki ya warithi. Dola 45 zile, chache kama zilivyo, zilikuwa za mjane na watoto wanne, wawili kati yao hawajabaleghe. Nasi tulioketi mbele ya simu zetu kila mwezi tukishauriana namna ya kuwapatia watoto wa watu vitabu vya kusoma, tulikuwa tukishauriana kwa gharama ya mayatima. Sijui kama liko jambo jingine katika miaka yangu ya kuhudumu katika vyama ambalo limeniuma kama lile.

Wala hayakuishia hapo. Warithi walipoipa benki habari za msiba, akaunti ikafungwa kama sheria inavyotaka, na malipo yaliyofuata yakakwama. Na katika yaliyokwama ilikuwamo ada ya mwaka ya jina la tovuti ya maktaba, ambayo nayo ilifungwa katika kadi ile ile. Barua za kutuonya zilikwenda katika sanduku la barua pepe la marehemu, lisilofunguliwa tena na mtu. Jina la tovuti lisipolipiwa halipotei siku hiyo hiyo: kwa majina kama yetu, yanayoishia kwa .org, msajili humpa mwenyewe muhula wa kuzinduka, kisha jina likifutwa hukaa kama rehani siku 30 ambazo mwenyewe aweza kulikomboa kwa malipo makubwa, kisha hungoja siku nyingine 5, na baada ya hapo huwa halali kwa mtu yeyote duniani atakayewahi kulishika. Mwenzetu mmoja wa Muscat ndiye aliyegundua kwamba tovuti haifunguki, nasi tulikuwa tayari katika zile siku za rehani. Tukalikomboa kwa fedha ambazo zingejaza rafu nzima ya vitabu.

Nimesimulia mambo ya nyumba ya watu, kwa idhini yao, kwa sababu nimekwisha kuzungumza na waweka hazina wa vyama vingine, wa kwaya na wa misikiti, wa timu za mpira na wa kamati za wazazi, na karibu kila mmoja amekiri mbele yangu kwamba katika chama chake kipo kitu kinacholipiwa kwa kadi ya mtu: ya mwenyekiti, au ya katibu, au ya kijana fulani anayejua mambo ya kompyuta na ambaye sasa amehamia Dar es Salaam. Rai yangu ni kwamba desturi hii iachwe, na iachwe kabla ya msiba wala si baada yake. Kwamba kila jumuiya yenye malipo ya mtandaoni iyalipe kwa kadi ya malipo ya kabla iliyo yake yenyewe, inayotiwa fedha kwa kipimo cha haja, na kwa wauzaji isiowajua itumie namba za matumizi ya mara moja. Na kwamba mabenki na makampuni ya simu yana wajibu, ambao hayajautimiza, wa kuifanya njia hiyo iwe nyepesi kwa vyama vya watu wadogo.

Kadi za benki tangu kuzaliwa kwake ni chombo cha mtu mmoja. Septemba 1958 Bank of America ilipotuma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, huko California, ambao hawakuziomba, ilikusudia kumpa kila mtu uwezo wa kukopa dukani kwa jina lake na sifa yake. Ulaghai na hasara zilizofuata zilikuwa nyingi, lakini biashara ikasimama, na mwaka 1976 kadi ile ikabadilishwa jina kuwa Visa, jina ambalo leo limebandikwa katika milango ya maduka ya miji yetu yote. Katika muda wote huo tabia yake moja haikubadilika, nayo ni kwamba mwenye namba ndiye mwenye fedha. Muuzaji wa mtandaoni haulizi kama kikao kimekaa, wala kama mwenyekiti ameridhia, wala kama aliyeandika namba ile yu hai.

Wazee waliotutangulia, ambao baadhi ya vijana huwaona kuwa walipenda mno mihuri na karatasi, waliweka katika katiba za vyama vyao sharti kwamba hundi isiende benki ila kwa saini za watu wawili au watatu, na sharti hilo halikutokana na kumdhania kila mweka hazina kuwa mwizi. Walijua kwamba amana inayochukuliwa na mtu mmoja humwelemea hata aliye mwadilifu, na kwamba saini ya pili, zaidi ya kuilinda fedha, humlinda mwenye saini ya kwanza na ndimi za watu. Intaneti imeifuta saini ya pili pasipo kututaka shauri, na sisi tumeikubali hasara hiyo kwa sababu haikuja kwa kishindo. Ilikuja kwa dola 15, siku ya shughuli nyingi, kwa ukarimu wa mtu mwema aliyetoa kadi yake mfukoni.

Katika ofisi za serikali yetu liko neno ambalo ningependa lirudi katika vyama, nalo ni masurufu. Maana yake moja ni chakula cha safari, unga na tende na maji ambayo nahodha hupakia chomboni kwa kadiri ya siku anazotazamia kuwa baharini, si pungufu hata watu wafe njaa, wala si zaidi hata chombo kizame. Na ofisini limekuwa ni fedha apewayo mtumishi kwa kazi iliyotajwa, kwa kiasi kilichohesabiwa, ambayo hana budi kuirejeshea hesabu kwa stakabadhi kabla hajapewa nyingine. Kadi ya malipo ya kabla ni masurufu yaliyotiwa katika tarakimu 16. Haina mkopo ndani yake, wala haina mlango wa kuingilia akaunti kuu ya jumuiya. Ina kile kilichotiwa, basi, na kikiisha hukataa.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni kwake. Anayenunua umeme wa LUKU amekwisha kulijua kwa vidole vyake: hutanguliza fedha, hupewa kiasi chake, na zikiisha taa huzimika, lakini hapana mtu atakayemgongea mlango mwisho wa mwezi na bili asiyoitarajia. Na anayelipa ada ya serikali kwa namba ya malipo yenye tarakimu 12 amekwisha kuiona namba inayozaliwa kwa ajili ya deni moja, ikalipwa, ikafa. Kadi ya namba ya mara moja ni ndugu wa namba hiyo, ila imegeuzwa upande: kule mdai ndiye anayeitoa namba, na huku ni mlipaji. Si uzushi wa juzi. Mwaka 2000 American Express ilianza kuwapa wateja wake namba za namna hii kwa manunuzi ya mtandaoni, na kampuni ya Orbiscom ya Ayalandi, ambayo baadaye ilinunuliwa na Mastercard, ilijijengea jina kwa kuwauzia mabenki ufundi huo huo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Juni 2022 Safaricom na Visa zilizindua kadi ya M-Pesa isiyo na plastiki, inayozaliwa ndani ya simu, na makampuni ya simu ya hapa kwetu nayo yanazo kadi za jamii hiyo.

Faida yake haionekani vizuri mpaka mtu aijue namna wezi wa namba wanavyofanya kazi. Mwizi aliyezipata namba nyingi kutoka katika duka lililovunjwa hafyonzi zote kwa mara moja. Huzijaribu kwanza kwa kiasi kidogo mno, dola moja au pungufu yake, apate kujua zipi zingali hai, na mwenye kadi akiona dola moja katika taarifa yake hudhani ni ada ya benki akaipuuza, na siku chache baadaye ndipo hupigwa pigo lenyewe. Kama kadi ile ni ya mtu, pigo hufika katika mshahara wake na karo ya watoto wake. Kama ni ya akaunti kuu ya jumuiya, hufika katika michango ya mwaka mzima. Lakini kama ni kadi iliyotiwa dola 20 za mwezi huu, na dola 15 zimekwisha kulipiwa programu, mwizi hukuta dola 5; na kama ni namba ya mara moja iliyokwisha kutumika, hukuta kaburi.

Liko na jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la wizi. Sisi sasa tumeigawa kazi: tuna kadi moja kwa ajili ya jina la tovuti na hifadhi yake, kadi nyingine kwa ajili ya programu ya mikutano, na kila tunapoagiza vitabu kwa muuzaji tusiyemzoea hutoa namba mpya ya mara moja. Namba ikivuja hatuna haja ya kushuku kila mtu, kwa maana namba iliyoonwa na muuzaji mmoja tu ikionekana kwingine, imetoka kwake. Na mkaguzi wetu wa hesabu, mzee ambaye macho yake yamepungua nuru lakini akili yake haijapungua, ameniambia kwamba kwa mara ya kwanza anaweza kuisoma taarifa ya matumizi pasipo kumwita mtu wa kumfasiria, kwa sababu kila kadi ni ukurasa wa shughuli moja, na ukurasa wa tovuti hauwezi kuingiwa na nauli ya mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ya namna hii, ikitumiwa kwa mpango, hujiandikia daftari lake.

Lakini sitaki kumghuri msomaji. Fedha iliyomo katika kadi ya malipo ya kabla si lazima iwe na ulinzi ule ule wa fedha iliyowekwa benki, na kabla ya kutia fedha yafaa mtu ajue nani anayeishika. Juni 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilianguka baada ya kubainika kwamba yuro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika hesabu zake hazionekani. Na kwa kuwa kampuni tanzu yake huko Uingereza ndiyo iliyokuwa ikitoa kadi za malipo ya kabla kwa niaba ya makampuni mengi ambayo wateja waliyajua kwa majina mengine kabisa, tarehe 26 ya mwezi huo msimamizi wa fedha wa Uingereza aliiamuru isimamishe shughuli zake, na watu wengi, baadhi yao maskini waliotegemea kadi zile kwa mishahara na posho, wakaamka wasiweze kununua mkate kwa fedha yao wenyewe mpaka amri ilipoondolewa tarehe 30. Siku nne ni chache kwa mwenye akiba, na kwa asiye nayo ni nyingi. Hapa kwetu sheria inayataka makampuni ya simu yaweke fedha za wateja katika akaunti za dhamana benki, na hiyo ni hifadhi njema. Hata hivyo mimi nashauri kadi itiwe cha mwezi mmoja tu. Chombo cha masurufu kisigeuzwe ghala.

Na wako watu, nasikitika kusema hata katika vyama vya kheri, wanaoiona namba ya mara moja kuwa hila ya kula bila kulipa: hujiandikisha kwa mwezi wa majaribio kwa namba watakayoiua kesho, au huacha kulipa huduma kwa kuinyima kadi fedha badala ya kumwandikia muuzaji kwamba mkataba umekwisha. Kufa kwa namba hakuvunji ahadi. Aliyekubali kulipa kwa mwaka anadaiwa mwaka, na muuzaji aliyekosa fedha katika kadi aweza kuendelea kuidai jumuiya kwa jina lake. Mimi sitetei namba za mara moja ili jumuiya imkimbie mdai wake. Nazitetea ili imlipe yeye tu, na kiasi kile tu, na kwa fedha yake yenyewe.

Madogo mengine nayapitia kwa haraka. Muuzaji akirudisha fedha huirudisha katika namba iliyolipa, na kama namba ile imekwisha kufa kazi ya kuifuatilia ni ndefu. Sisi tuliagiza vitabu ambavyo vitatu kati yavyo havikupatikana, na fedha yake ilikaa wiki sita njiani. Kwa hiyo namba isiuawe mpaka mzigo ufike na uhesabiwe. Hoteli na wakodishaji wa magari wengi hawazipendi kadi hizi kwa sababu hutaka kushikilia kiasi kama rehani. Na makato ya kubadili shilingi kuwa dola yatazamwe kila mara, maana hula polepole.

Narudi kwenye mabenki, kwa sababu lawama kubwa siiweki juu ya vyama. Baada ya msiba wetu nilikwenda katika benki inayotunza akaunti ya jumuiya, nikiwa na katiba, na hati ya usajili, na muhtasari wa kikao uliotiwa muhuri, na picha za watia saini wote, nikaomba kadi ya malipo ya kabla kwa jina la jumuiya. Binti aliyekuwa dirishani alinisikiliza kwa adabu, akaenda kuuliza ndani, akarudi akaniambia, "Shikamoo tena mzee wangu, wanasema akaunti ya watia saini wawili haipewi kadi, labda mmoja wenu afungue akaunti yake binafsi." Yaani niliagizwa kurudi kule kule nilikotoka nikikimbia. Na nilipogeukia kadi za simu nikakuta kwamba kadi hufungwa katika laini, na laini husajiliwa kwa alama za vidole, na vidole ni vya mtu.

Naielewa khofu iliyo nyuma ya masharti hayo. Sheria za kuzuia utakasishaji wa fedha haramu zinataka kila fedha iwe na mwenyewe anayejulikana kwa uso na kitambulisho, na kadi zisizo na wenyewe zimekwisha kutumiwa na waovu katika nchi nyingi. Lakini jumuiya iliyosajiliwa ina wadhamini wanaojulikana kwa majina, ina anwani, ina wanachama wanaokaa kikao, na hesabu zake hukaguliwa. Katika wote wanaoomba kadi, sioni aliye wazi zaidi ya jumuiya kama hiyo. Na njia ya idhini ya watu wawili, ambayo ndiyo saini ya pili iliyofutwa, imekwisha kujengwa katika simu zetu: huduma ya M-Koba ya Vodacom, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa, haiachi fedha ya kikundi itoke kwa kidole cha mtu mmoja. Akina mama wa vikoba wanaitumia wakiwa sokoni. Kinachotakiwa ni kuiunganisha idhini hiyo na kadi, hata kadi ya jumuiya isijazwe wala namba yake isitolewe ila watu wawili wameridhia, kila mmoja kwa simu yake. Na Benki Kuu, ambayo ndiyo msimamizi wa mifumo ya malipo katika nchi, ingeliagiza jambo hilo, naamini lingetimia pasipo kungoja ufundi wowote mpya.

Mpaka siku hiyo ifike, sisi tumejitengenezea saini ya pili kwa mikono. Baada ya kuhangaika kwa miezi tulipata laini iliyosajiliwa kwa hati za jumuiya, ingawa vidole vilivyowekwa ni vya mwakilishi mmoja, tukaitia katika simu ya bei nafuu, na simu ile hulala katika kasha la chuma nyuma ya meza ya mkutubi. Ufunguo wa kasha ni wa katibu. Namba ya siri ya kufungulia fedha ni ya mweka hazina mpya, binti wa miaka 31 ambaye ni mhasibu wa hospitali. Hapana mmoja kati yao awezaye kulipa hata shilingi pasipo mwenziwe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huketi pamoja, hutia katika kadi kiasi kilichopitishwa na kikao, huandika katika daftari kila huduma, na tarehe yake, na barua pepe inayopokea onyo lake, ambayo sasa ni ya jumuiya wala si ya mtu, kisha simu hurudishwa kasha likafungwa. Kazi yote haizidi robo saa. Daftari lile linakaa rafuni, na mwanachama yeyote aruhusiwa kulifungua.

Mjane alipotoka edani tulikwenda kwake, mimi na katibu, tukachukua dola 45 zile kwa thamani yake ya shilingi katika bahasha, na stakabadhi ya kutiwa saini na mwanawe mkubwa kwa niaba ya warithi. Alitupokea kwa heshima tusiyoistahili, akamtuma binti yake chumbani akaleta daftari la kijani lenye pembe zilizokunjamana. Lilikuwa la marehemu. Upande mmoja ameandika matumizi ya nyumba yake, na upande wa pili, kwa mwandiko ule ule wa kalamu ya wino, ameandika kila senti aliyoilipia jumuiya tangu siku ya kwanza, na tarehe tuliyomrudishia, na jina la aliyeikabidhi. Na mistari mitatu ya mwisho aliyokwisha kuipiga rula ilikuwa mitupu. "Mwalimu," akasema mjane, "alikuwa hapendi ukurasa ubaki haujajazwa." Katibu akachukua kalamu, akaandika miezi mitatu ile na dola 15 mbele ya kila mmoja, akaandika na siku tuliyolipa, nasi sote wawili tukatia saini chini ya mwandiko wake.